Nakuru hadi Khayega na kurudi: mlo wa keto katika wiki ya matanga

Jumatano jioni, Nakuru

Habari ya msiba ikishafika, mambo huenda mbio. Simu za michango, ruhusa ya kazini, nauli, viatu vya matope. Chakula hukumbukwa mwisho, na kwa mtu wa keto, mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, safari huharibikia hapo, kabla gari halijawashwa. Ratiba ya matanga ya magharibi inajulikana: mwili hutolewa mochari Ijumaa, usiku ni mkesha, mazishi Jumamosi, Jumapili vikao vya familia. Anayetoka Nakuru kwenda Khayega, karibu na Kakamega, kupitia mochari Kisumu, huondoka Alhamisi na kurudi Jumatatu. Ni siku tano bila jiko lake.

Wengi hujiandaa kupambana na ugali. Ugali si tatizo kubwa: unaonekana, na kinachoonekana hupitwa. Kinachowatoa watu matangani kwenye ketosisi, yaani hali ya mwili kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni badala ya kutegemea sukari, ni chai, na kinachowafanya wajisikie wagonjwa mpaka wakimbilie soda ni kukosa chumvi. Hayo mawili ndiyo ya kuangaliwa kuanzia sasa mpaka Jumatatu.

Kabla ya kufunga mkoba, kuna watu wasiopaswa kujaribu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito, anayenyonyesha, na mgonjwa wa figo wasishike keto njiani bila neno la daktari wao. Anayedungwa insulini au anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kisukari, anaweza kushukiwa na sukari ghafla akipunguza wanga bila kurekebishiwa dozi. Wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini, nazo ni dawa za kisukari, wana hatari nyingine, na ni mbaya zaidi kwa kuwa hujificha: asidi ya ketoni hupanda kwenye damu huku kipimo cha sukari kikisoma kama kawaida, na kinachoichochea ni njaa, kutapika na kupungukiwa na maji, yaani mambo yale yale ya siku ya mazishi. Na ambaye hajawahi kufuata keto asianzie wiki ya msiba. Siku za kwanza za mwili kuzoea huja na maumivu ya kichwa, uchovu na hasira za bure. Yafuatayo ni ya aliyekwisha zoea, angalau mwezi mmoja hivi.

Nyumbani huenda unakaa gramu 20 za wanga halisi kwa siku, maana yake wanga ukiondoa nyuzinyuzi. Safarini weka kikomo cha 50. Wengi waliozoea hubaki kwenye ketosisi chini ya hapo, na zile gramu 30 za ziada ndizo zitakazobeba kitunguu cha mchuzi, maziwa ya kwenye mboga za kienyeji, na kikombe kimoja cha chai usichoweza kumkatalia mfiwa. Anayeng'ang'ania 20 kwenye hema la matanga huishia kula karanga peke yake nyuma ya gari, na kufikia Jumapili ameshaacha kila kitu.

Mkobani ingia na hivi. Mayai sita ya kuchemsha, yasimenywe. Karanga za kukaanga robo kilo, zisizopakwa sukari: gramu 100 zina karibu gramu 8 za wanga halisi, kwa hiyo konzi moja ya gramu 30 haifiki 3. Makadamia ukiyapata ni bora zaidi, kwani gramu 100 zina wanga halisi wa gramu 5 tu na mafuta zaidi ya gramu 70. Korosho ziache; kwa uzito huo huo zina wanga wa gramu 27 hivi, na ni rahisi kumaliza pakiti bila kujua. Maparachichi matatu ya viwango tofauti: moja la kuliwa kesho, moja linalobonyea kidogo, moja gumu kabisa la Jumamosi. Samli kwenye mtungi mdogo wa kifuniko cha kuzungusha, kama gramu 200. Haihitaji friji, na kijiko kimoja kikubwa kina mafuta ya gramu 13 hivi. Mifuko ya majani ya chai au kahawa ya unga. Chupa ya maji ya lita moja. Chumvi kwenye kikopo chako mwenyewe.

Kuhusu hiyo chumvi: wanga ukipungua, insulini hushuka, na figo zinaanza kuachilia sodiamu nyingi zaidi pamoja na maji. Ndiyo maana mtu wa keto huenda haja ndogo mara kwa mara, na ndiyo maana anahitaji chumvi kuliko jirani yake anayekula ugali. Kiasi kinacholengwa kwa kawaida ni gramu 3 hadi 5 za sodiamu kwa siku, chakula kikiwemo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina chumvi ya gramu 6 hivi, na ndani yake sodiamu ni kama gramu 2.3. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au aliyekatazwa chumvi afuate alivyoambiwa kliniki, si haya.

Alhamisi, Nakuru hadi Kisumu

Kula kabla ya kwenda steji. Mayai matatu kwenye samli, nusu parachichi, sukuma ya jana ikiwa ipo. Mtu aliyeshiba mafuta saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuhangaishwa na mandazi ya saa tatu. Anayeondoka na njaa kwa kudhani atafunga mpaka Kisumu anasahau kwamba wiki hii mwili tayari uko kwenye hali ya hatari. Kufunga juu ya huzuni na usingizi mbovu ni mzigo wa tatu, na huwa unadondoka jioni mbele ya sahani ya chipsi.

Ni kilomita karibu 185, saa nne hivi kwa matatu ukihesabu vituo. Salgaa, Mau Summit, njia panda ya Londiani, Kericho, kisha mteremko wa Awasi na Ahero. Dirishani huletwa mahindi choma, ndizi, soda. Hindi moja lililokomaa lina wanga wa gramu 30 au zaidi. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina sukari ya gramu 32 hivi. Hayo yanajulikana. Wanaowatega watu wa keto ni wauzaji wa smokie. Smokie na soseji nyingi huchanganywa na wanga au soya ili ziwe nyingi, na muuzaji hawezi kukuambia ni kiasi gani kwa sababu pakiti ilishatupwa. Mwenye ndoo ya mayai pasua ndiye wako. Anamenya yai, analipasua katikati kwa kisu, anashindilia kachumbari na pilipili, ananyunyiza chumvi. Mayai mawili ya namna hiyo hayafiki gramu 3. Mwambie mapema asiweke sosi ya nyanya: kijiko kikubwa kimoja kina sukari ya gramu 4 hivi, na mkono wa muuzaji hauna kipimo. Mwambie pia akumenyee yai mbele yako. La kumenywa asubuhi na kukaa wazi juu ya ndoo liache.

Mayai yako mwenyewe yamalizwe kabla au hapo Kericho. Baada ya hapo joto linapanda, na yai la kuchemsha lililofungiwa kwenye mkoba wa moto halifai kuaminiwa mpaka jioni. Kuhara njiani kuelekea matangani ni balaa kuliko sahani ya wali.

Kericho wanauza pia mursik. Wengi hudhani kwa kuwa ni maziwa yaliyochachuka, sukari yake imekwisha. Bakteria hula sehemu tu ya laktosi. Yahesabu kama maziwa, gramu 5 kwa kila mililita 100 au chini yake kidogo, na nusu kikombe kinatosha.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Unashuka mita 700 kwa asubuhi moja, na jasho linaanza Ahero. Kufikia saa kumi jioni kichwa kinagonga, miguu ni mizito, ukisimama ghafla unaona giza. Wenyeji wako watasema ni uchovu wa safari, watakuletea soda ya baridi, utaamka kidogo, na kila mtu ataamini ilikuwa sukari iliyokosekana. Jaribu hivi kwanza: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi kubwa ya maji, ndimu ukipenda ladha, ukae kivulini. Kama ni chumvi iliyokuwa imepungua, mara nyingi unapata nafuu ndani ya saa moja. Kunywa maji matupu lita kwa lita huzidisha shida, kwa sababu unaipunguza nguvu hata ile sodiamu iliyobaki.

Ila kama kuna joto la mwili au kutetemeka kwa baridi, hiyo si "homa ya keto", kama watu wanavyoiita hali hii ya kupungukiwa chumvi. Jina hilo la mzaha limewaponza watu. Kupungukiwa chumvi hakupandishi kipimajoto. Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima, na maumivu ya kichwa, viungo na uchovu ni dalili za vyote viwili. Kapime. Malaria huchukua angalau siku saba tangu kuumwa na mbu mpaka dalili zianze, kwa hiyo homa ya Alhamisi haikutoka safari hii. Huenda ni ya safari iliyopita, na bado inahitaji kipimo.

Chakula cha jioni Kisumu hakisumbui. Ngege (tilapia) mzima, wa kukaanga au wet fry, yaani wa kukaangwa kisha kutiwa mchuzi. Uliza swali moja kabla ya kuagiza: anapakwa unga? Vibanda vingi hawapaki, vichache hupaka ili ngozi isishike kikaangoni. Kwenye wet fry, nyanya na vitunguu vya samaki mmoja vitakupa gramu 5 hadi 8. Ugali utaletwa hata usipouagiza, kwa hiyo agiza badala yake: "Niletee mboga mara mbili, ugali usilete." Utalipa bei ile ile, usibishane.

Shida ya ngege ni upande mwingine. Hana mafuta. Nyama yake ya gramu 200 ina protini zaidi ya 40 lakini mafuta machache sana, na mtu anayekula protini tupu huamka saa nane usiku akitafuta kitu asichokijua. Toa samli mkobani, kijiko kimoja juu ya mboga za moto, na nusu parachichi pembeni. Mgongo wazi, ule wa mbuta (sangara) uliobaki baada ya minofu kupelekwa kiwandani, hukaangwa mpaka mifupa midogo inatafunika, na unabeba mafuta mengi kuliko samaki mwenyewe. Kula ule wa siku hiyo. Uliokaangwa mara ya pili kwenye mafuta meusi utaujua kwa harufu.

Ijumaa, mochari na mkesha

Mwenye glukomita, kipimo cha sukari ya damu, asishtuke leo. Aliyezoea kuona 4.7 asubuhi anaweza kuona 5.6 bila kugusa wanga wowote. Msiba hupandisha kortisoli na adrenalini, na homoni hizo huliamuru ini limwage sukari kwenye damu, huku ketoni zikishuka kidogo. Kosa la kawaida hapa ni kujiadhibu: mtu anaona nambari, anaruka kifungua kinywa, anazidisha mfadhaiko, na nambari inakaa pale pale. Wiki hii pima kama una sababu ya kitabibu, vinginevyo acha kifaa mkobani.

Kifungua kinywa ni supu. Hoteli za karibu na masoko na steji huwa na supu ya kichwa na miguu au ya mifupa tangu alfajiri. Ina chumvi, ina mafuta, na inashuka hata kwa mtu asiye na hamu ya kula. Waambie wasiweke viazi. Ongeza mayai mawili. Hii itakubeba kwa saa nyingi, na utazihitaji: kwenye mochari kuna kungoja malipo, kungoja nguo, kungoja gari, kungoja mchungaji. Karanga ziwe mfukoni, si kwenye buti la gari lililokwenda kutafuta mafuta.

Msafara unapanda kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, na Khayega inafika kabla ya mji wa Kakamega. Simama Kiboswa au Mbale ununue trei moja ya mayai na kilo mbili za nyama yenye mafuta. Hili ni muhimu kuliko kila kitu kilichomo mkobani, na sababu yake haimo kwenye vitabu vya keto. Kwenye sahani ya Mluhya au Mjaluo mboga hupimwa kwa ugali. Kipande cha nyama ni cha kusindikizia tonge kadhaa. Anayekataa ugali kisha akala nyama na mboga tupu haonekani kama mwenye nidhamu ya mlo. Anaonekana mlafi, anayekula fungu la wenzake watatu. Ukishapeleka mayai na nyama jikoni mikononi mwa anayesimamia masufuria, hesabu imebadilika. Mwambie pale pale: "Mimi nitakula mboga na mayai, unga na sukari nimepunguza." Hatauliza tena, na jioni atakuchemshia mayai manne bila wewe kuinuka kitini.

Usitafute uongo wa tumbo kuuma, maana utaletewa uji. Kupunguza sukari kila mtu anakuelewa; maboma mengi yana mtu wa kisukari. Usitoe mhadhara wa ketoni. Hakuna anayeutaka leo.

Mboga za huku ni neema. Mrenda, kunde, saga, managu, mchicha: karibu zote ziko chini ya gramu 5 za wanga halisi kwa sahani ya kawaida. Saga na managu hupikwa kwa maziwa ili uchungu upungue. Nusu lita kwenye sufuria ya watu watano inaongeza gramu 5 kwa kila mmoja, na huo ni wanga ulionunuliwa vizuri. Mrenda unaopikwa na magadi una sodiamu ya ziada, nao unasaidia tumbo lililofunga choo kwa safari. Zikiungwa kwa karanga za kusaga, uliza kama zimetiwa sukari; za nyumbani hazina, za kopo huenda zinayo.

Sasa chai. Kwenye hema kuna birika na termosi zisizokauka kuanzia jioni mpaka alfajiri, na sukari imeshamiminwa ndani wakati wa kuchemsha. Hesabu kikombe kimoja cha mililita 250, nusu maziwa nusu maji: laktosi gramu 6. Sukari ya vijiko vitatu: gramu 12. Jumla 18. Mkesha mmoja una vikombe vitatu kwa urahisi, kwa sababu ni baridi, kwa sababu kila mgeni mpya anayefika anamiminiwa na wewe umekaa karibu naye, na kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Hiyo ni 54, zaidi ya kikomo cha siku nzima, bila kutafuna chochote. Vipande viwili vya mkate juu yake ni 25 nyingine au zaidi. Asubuhi mtu huyo ataapa kwamba hajala ugali, na ni kweli.

Chai ya rangi haikuokoi, kwani nayo huwa imetiwa sukari tayari. Omba maji ya moto matupu, kutoka kwenye sufuria ya kuogea ikibidi mradi yamechemka, na utumbukize mfuko wako wa majani. Kikombe kiwe mkononi muda wote na kiwe na kitu ndani. Anayehudumia humimina kwenye kikombe kitupu, kilichojaa anakipita. Kwa kikombe cha saa sita usiku tia samli kijiko kimoja na chumvi punje chache. Ladha yake inazoeleka haraka, na inatosha mpaka alfajiri.

Usingizi hautapatikana. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, zilizowekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hazikupigiwa mbali ili wageni walale. Usiku mmoja wa kukesha unatosha kuongeza njaa na hamu ya vitamu siku inayofuata. Lala hata saa mbili garini kati ya saa tisa na kumi na moja, chandarua au dawa ya mbu ikiwepo.

Busaa ina wanga wa mahindi na wimbi. Chang'aa haina, lakini ini huacha kutengeneza ketoni likishughulikia pombe, na mtu wa keto hulewa kwa kiasi kidogo kuliko alivyozoea. Mambo mawili hayo yanatosha.

Jumamosi, mazishi

Programu imeandikwa saa nne. Chakula kitatoka saa tisa au kumi. Hotuba hazikatizwi. Kwa hiyo mlo mkuu wa leo ni wa saa mbili asubuhi, kabla hujavaa nguo za mazishi: mayai matatu au manne, mboga zilizobaki zipashwe moto, lile parachichi gumu la Jumatano ambalo sasa limeiva. Nusu ya parachichi kubwa, gramu 100 hivi za nyama, ina potasiamu karibu miligramu 480 na wanga halisi usiofika gramu 2. Maji yenye robo kijiko cha chumvi baada ya hapo, na tena saa sita. Wanaozimia kando ya kaburi huchukuliwa kuwa wamezidiwa na majonzi, na wengi ni hivyo. Wengine wamesimama juani saa tatu bila maji wala chumvi.

Sahani ya baada ya mazishi ni ile ile kila mahali: wali, ugali, mchuzi wa ng'ombe wenye viazi, kabichi, pengine chapati. Shika sahani mwenyewe ukiweza, maana anayepakua haulizi. Nyama miiko miwili, viazi virudi sufuriani kabla havijagusa sahani, kabichi nyingi, mchuzi kidogo kwa kuwa umeshikwa na nyanya, vitunguu na mara nyingi unga wa mchuzi wenye wanga ndani yake. Halafu chukua tonge mbili za ugali. Ndiyo, zichukue. Tonge la gramu 25 lina wanga wa gramu 7 hivi; mawili ni 14. Hesabu ya siku nzima basi: mboga za asubuhi 5, nusu parachichi 2, karanga konzi moja 3, kabichi 6, mchuzi 4, tonge mbili 14, kikombe kimoja cha chai ya maziwa isiyo na sukari 6. Ni 40. Umekula na watu, na bado uko ndani.

Ukiwa upande wa wakwe, mtaitwa ndani ya nyumba na kuletewa kuku. Ingokho haikataliwi. Kula paja au kidari na ngozi yake, kunywa supu. Vyote ni vyako bila gramu yoyote ya wanga. Firigisi usiiguse wala kuiomba, hata kama ni chakula kizuri cha keto: ina mwenyewe, naye ameketi hapo.

Soda zitagawanywa kwa kreti. Ichukue, mpe mtoto. Kukataa kunaleta mazungumzo, kupokea hakuleti.

Jumapili

Vikao, hesabu za michango, maji ya kisima. Leo tumbo huwa linaharibika. Ukihara, changanya ORS, ile poda ya kurudisha maji na chumvi mwilini, bila kufikiria keto: fomula ya Shirika la Afya Duniani ina glukosi gramu 13.5 kwa lita, na glukosi hiyo ndiyo inayoiingiza sodiamu mwilini kupitia utumbo. Ukiiacha ili kulinda ketoni, umeacha dawa yenyewe. Soma pakiti kama ni ya nusu lita au lita nzima. Kuchanganya ya lita kwenye chupa ndogo huzidisha kuhara.

Aliyeteleza jana usiku kwa chapati na soda asifunge leo ili kulipia. Arudi tu kwenye mayai na mboga. Ketoni hurudi kwa siku moja hadi tatu kwa aliyezoea.

Jumatatu, kurudi

Ukipitia Kisumu, nunua omena waliokaushwa juani, wenye rangi ya fedha na wasiovunjika vichwa. Wenye mchanga au harufu kali ya ukale waache. Wafunge kwa karatasi ndani ya mfuko wa kitambaa; plastiki iliyofungwa huwatia unyevu kabla ya Kericho. Nyumbani waoshe kwa maji ya moto mara mbili, wakaange wakauke, ndipo uwaunge.

Garini ni karanga, maji yenye chumvi, na mayai pasua kule kule yalikopatikana Alhamisi. Hamu ya vitamu leo ndiyo kali kuliko siku zote, kwa kuwa usingizi wa usiku tatu unadaiwa kwa mkupuo.

Jumanne usipande mizani. Kila gramu ya glikojeni, yaani akiba ya sukari, inayorudi mwilini hufuatana na maji ya gramu 3 hivi, na mtu aliyekula sahani mbili za wali anaweza kuongezeka kilo moja au mbili ambazo si mafuta. Pima Ijumaa. Vijiti vya mkojo navyo visikutishe: hupima asetoasetati, aina moja ya ketoni, inayomwagwa, na kwa aliyezoea keto miezi kadhaa rangi huwa hafifu hata mambo yakiwa sawa, zaidi akiwa amekunywa maji mengi. Mwenye kipimo cha ketoni za damu atafute 0.5 hadi 3.0 mmol/L.

Kwa mwezi mmoja baada ya kurudi, joto lolote la mwili lipimwe malaria, na umwambie mhudumu kwamba ulilala magharibi, kwa sababu Nakuru huenda asiwaze hivyo mara moja. Ukipewa AL (artemether na lumefantrini, dawa ya malaria), dozi ni sita kwa siku tatu, na kila dozi imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwani lumefantrini hufyonzwa vibaya sana tumboni bila mafuta. Mayai mawili kwenye samli yanatosha. Lakini ukishindwa kula, au ukitapika, keto isimame hapo hapo: malaria kali hushusha sukari ya damu, na uji wenye sukari siku hiyo ni sehemu ya matibabu. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudi kituoni kwa dozi nyingine.